Ananitaka nimpelekee mashine Ijumaa, nami sina karatasi hata moja

Bi Wakili, shikamoo.

Mimi ni fundi wa kuchomea vyuma, umri wangu miaka 31, mkazi wa Kisauni. Nafanya kazi kwenye karakana ya mzee mmoja karibu na soko la Kongowea tangu nilipomaliza kidato cha nne. Ufundi wote nilio nao ni yeye aliyenipa.

Mamangu anauza tui. Yeye na khalati zangu wawili huamka saa tisa za usiku, wakune nazi, wakamue, wafunge kwenye vifuko, ili kufika saa kumi na mbili tui liwe liko sokoni. Kukuna si shida tena, mashine ya umeme ya kukunia tunayo miaka mingi. Shida ni kukamua. Ramadhani inapoingia na kila nyumba inataka tui la futari, mamangu hukamua mpaka vidole vinakufa ganzi, na siku hizi hata kushika kikombe cha chai kwa mkono wa kulia inamuwia vigumu.

Basi nimeunda mashine. Unamimina nazi iliyokunwa juu, inaingia kwenye bomba, skrubu inaisukuma, tui linatoka chini na chicha zinatoka mbele. Najua mashine za aina hiyo zipo, nimeziona kwenye video za India na Thailand. Lakini niliyoiona ikifanya kazi hapa mjini ilikuwa ikiziba kila baada ya nazi ishirini hivi, mtu aizime, aifungue, aoshe kichujio, aanze upya. Yangu haizibi. Tumekamua nazi mia mbili mfululizo. Siri iko kwenye kichujio. […] Nimeipa jina Mama Pumzika.

Miezi minne iliyopita, Ramadhani ilipoanza, niliirekodi mamangu akiitumia nikaweka video TikTok. Ni fupi, sekunde arubaini, na mwisho kidogo inaonekana nikifungua ili kuiosha. Watu wengi wakaiona. Mmoja wa Tanga akauliza bei. Kisha akanipigia mfanyabiashara mmoja wa hapa Mombasa anayeagiza mashine za jikoni kutoka nje. Ana godauni Shimanzi. Ananitaka Ijumaa baada ya sala nimpelekee mashine pamoja na michoro, niiache kwake wiki moja “wataalamu wake” waitazame, halafu tuzungumze ushirika. Nilipomtajia habari ya kuandikiana akacheka, akasema sisi watu wa pwani neno letu ndiyo karatasi yetu.

Binamu yangu anayesomea kompyuta ananiambia nikimbilie kuweka kopiraiti, basi hakuna atakayeweza kuigusa. Rafiki mwingine anasema nichore mashine, niitie kwenye bahasha, nijitumie mwenyewe kwa rejista ya posta nisiifungue, nikiibiwa nipeleke mahakamani. Mimi mwenyewe nimechapisha mkataba wa siri kutoka intaneti, lakini unataja sheria za jimbo la Delaware na sijui kama unanifaa.

Fedha sina nyingi. Mashine nimeiunda usiku palepale karakana kwa welda ya mzee na vyuma chakavu vyake, mwenyewe aliniambia haya, jaribu. Nisaidie mama, Ijumaa imekaribia.

Fundi, Kisauni

*

Marahaba mwanangu, na mikono ya mamako Mungu aiponye.

Mwanzo nikuombe radhi. Barua yako ilikuwa ndefu kuliko hivi ilivyotoka. Pale palipo na nukta tatu ulikuwa umeeleza kichujio chako kwa mistari saba, vizuri kabisa, kiasi kwamba mimi nisiyejua tofauti ya nati na boliti nilielewa kwa nini hakizibi. Nimeiondoa mistari hiyo, na karatasi yenyewe nimeifungia. Lau ningeichapisha, ningekuwa nimeutangaza uvumbuzi wako kwa yeyote anayesoma Kiswahili, na wewe ndiye ungekuwa umenipa ruhusa. Umeniandikia mimi kwa nia njema kama ulivyoipokea simu ya huyo bwana kwa nia njema. Kuanzia leo, kichujio hicho usikieleze kwa mtu kabla hamjaandikiana.

Ijumaa usiende na mashine. Sababu nitazieleza, ila hilo lishike kwanza.

Nianze na binamu yako. Hakimiliki, hiyo kopiraiti, inalinda namna ulivyolieleza jambo, jambo lenyewe hailigusi. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, michoro yako ni yako tangu ulipoitia kwenye karatasi, hata bila kuisajili popote. Video yako ni yako. Kijitabu cha maelezo ya kutumia mashine, ukikiandika, ni chako, na haki ya maandishi kama hayo inadumu maisha yako yote na miaka 50 baada yako. Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO, inaweza kukusajilia ili upate ushahidi wa tarehe. Lakini mtu akiitazama mashine yako, akaelewa, akaenda kwake akachomea nyingine kwa mkono wake bila kutoa nakala ya karatasi yako, hakimiliki haimfikii. Ni sawa na mpishi aliyeandika kitabu cha mapishi: ukikichapisha bila idhini yake umemwibia, ila pilau ukiipika nyumbani kwako hana la kukudai. Isajili michoro ukipenda. Usije tu ukalala usingizi ukidhani mlango umefungwa.

Bahasha ya rejista nayo nimeletewa ofisini mara nyingi, zingine zimepauka kwa kukaa kabatini. Muhuri wa posta unathibitisha kwamba bahasha ilipita posta siku fulani, basi. Haukupi haki yoyote juu ya uvumbuzi. Kama unataka ushahidi wa tarehe, nunua daftari lililoshonwa, andika kila hatua ya kazi yako kwa kalamu ya wino, tia tarehe, na kila kurasa chache mwite mtu mzima asiye na maslahi asaini kwamba ameona. Au uape mbele ya kamishna wa viapo, michoro ikiwa imeambatishwa. Hayo yatakufaa siku ukihitaji kuonyesha nini ulikuwa nacho kabla hujamkaribisha mtu.

Sasa nije kwenye mstari ulioandika kwa haraka mwishoni, kama mtu anayetaja hali ya hewa. Welda ya mzee. Vyuma vya mzee. Usiku, karakana ya mzee. Wewe unamwogopa mtu wa Shimanzi, na mimi kilichonishtua ni hapo.

Sheria ya Mali ya Viwandani ya Kenya, namba 3 ya mwaka 2001, inasema kwamba uvumbuzi alioufanya mwajiriwa katika kutekeleza mkataba wake wa kazi ni wa mwajiri, isipokuwa wamepatana vingine. Utasema, mimi sikuajiriwa kuvumbua, nimeajiriwa kuchomea mageti. Ni kweli, na sheria imelifikiria hilo pia: hata kama kazi yako si kuvumbua, ukiutengeneza uvumbuzi kwa kutumia vifaa au maarifa uliyoyapata kwa sababu ya ajira yako, haki inaweza kumwendea mwajiri, nawe ukabaki na haki ya kulipwa malipo ya haki kwa kuangalia mshahara wako na thamani ya uvumbuzi. Ni ule tu usiohusiana na kazi yako, uliotengenezwa bila vifaa vya mwajiri, ambao ni wako bila mjadala.

Simsemi mzee wako vibaya. Mtu aliyekulea katika ufundi akakuambia “haya, jaribu” huenda hata hajafikiria kama kuna la kudaiwa. Lakini wazee nao wana watoto, na watoto wana mawakili. Siku mashine itakapoanza kuuzwa, kuna mtu atakayekumbuka welda ile. Na mfanyabiashara mjanja akiligundua hilo mapema, atamwendea mzee pembeni, ampe kitu kidogo, asaini kwamba haki ni ya karakana, nawe utakuwa umebaki nje ya mlango wa mashine uliyoiunda kwa ajili ya mamako.

Kwa hiyo safari yako ya kwanza si Shimanzi. Ni kwa mzee, jioni, nyumbani kwake, pamoja na mjomba wako au mtu mzima mwingine wa upande wenu. Mwamkie, umshukuru, umwambie wazi kwamba mashine ile imeanza kuulizwa na watu, na kwamba hutaki ije ikaharibu uhusiano wenu. Muombe akuandikie kwamba mashine ya kukamua tui iitwayo Mama Pumzika uliibuni wewe, nje ya saa za kazi, kwa ruhusa yake ya kutumia vifaa, na kwamba hana dai juu ya haki za uvumbuzi huo. Kama anataka fungu, mpe fungu, kwa asilimia iliyoandikwa, na mimi kwa maoni yangu naona anastahili kitu. Mashahidi wawili wasaini. Akikataa kusaini, hilo ni jambo la kulijua leo kuliko kulijua miaka mitano ijayo. Nijulishe, tutalishughulikia kivyake.

Hukuwahi kusikia, labda, habari za Nkosana Makate wa Afrika Kusini. Mwaka 2000 alikuwa kijana anayejifunza uhasibu katika kampuni ya simu ya Vodacom. Mchumba wake alikuwa mbali na hana salio, naye akawaza: kwa nini mtu asiye na salio asiweze kutuma ujumbe wa bure wa kuomba apigiwe? Akaliandika wazo hilo mwezi wa Novemba, likafika kwa mkurugenzi wa bidhaa, akaahidiwa kwa mdomo kwamba likifaulu atalipwa, kiasi watakizungumza baadaye. Machi 2001 huduma ikaanza, ikapendwa mno. Malipo hayakuja. Baadaye mkuu wa kampuni akaandika katika kitabu cha maisha yake kwamba wazo lilikuwa lake mwenyewe. Makate akaenda mahakamani mwaka 2008, akashindwa mwaka 2014, na ni mwaka 2016 ndipo Mahakama ya Katiba ilipomkubalia kwamba makubaliano yale ya mdomo yalikuwa makubaliano kweli na kampuni inafungwa nayo. Hata hapo walibishana juu ya kiasi kwa miaka mingine, mpaka mwaka 2025 wakamalizana nje ya mahakama.

Miaka 25, mwanangu. Na huyo ndiye aliyeshinda. Kilichomsaidia ni vile vipande vya maandishi vya wakati ule: andiko lake la awali, barua pepe, na jarida la ndani la kampuni lililomtaja kwa jina na kumpongeza. Neno la mdomo ni mkataba, mtu wa Shimanzi hakukudanganya katika hilo. Kinachokosekana ni namna ya kulithibitisha pale mwenye neno anapolisahau.

Mkataba wa usiri, basi. Ule wa Delaware uweke mbali, umeandikwa kwa ajili ya jimbo la Marekani na kesi yako ingeanza kwa kubishana ni sheria ipi inatumika. Uandike kwa Kiswahili. Hiki ni lugha rasmi kwa Katiba yetu ya 2010, na mkataba ambao mashahidi wako wameuelewa neno kwa neno una nguvu kuliko wa Kiingereza uliosainiwa kwa kuona aibu kuuliza. Ukurasa mmoja unatosha. Mfano huu utumie:

“Mimi (jina kamili, nambari ya kitambulisho, na jina la kampuni yangu), ninakubali kuonyeshwa kwa siri mashine ya kukamua tui na maelezo yake yaliyoorodheshwa ukurasa wa pili. Nitayatumia kwa jambo moja tu: kuamua kama nitashirikiana na mwenye mashine. Sitamweleza mtu mwingine isipokuwa wafanyakazi wangu wanaohitaji kujua, nao nitawafunga kwa ahadi hii hii. Sitaiga, sitatengeneza wala kutengenezesha kitu kwa kuyatumia, sitaifungua mashine, sitaipiga picha, na sitaomba hataza (patent) wala cheti chochote juu yake, bila idhini ya maandishi ya mwenye mashine. Nikiombwa nitarudisha kila kitu. Ahadi hii itadumu miaka mitano tangu leo hata kama hatukuelewana kibiashara. Sheria itakayotumika ni ya Kenya.”

Neno “sitatengeneza” lipiganie. Mikataba mingi inakataza kusema ikasahau kukataza kutumia, na huyu hana haja ya kumwambia mtu. Ana godauni, ana watu wa kumtengenezea nje, anahitaji kutumia tu. Ukurasa wa pili nao usiandike “wazo langu la mashine”. Orodhesha: mchoro namba fulani wa tarehe fulani, maelezo kurasa kadhaa, kila ukurasa umeusaini. Siri isiyo na mipaka haina wa kuilinda. Yeye atataka kuongeza kwamba yale aliyoyajua kabla au yaliyo wazi kwa umma hayamo ndani, mkubalie, ni haki yake. Faini ya milioni kumi usiiandike, mahakama haipokei adhabu isiyolingana na hasara.

Na kama hataki kusaini kabisa? Wapo wafanyabiashara wakubwa wasiosaini kwa mazoea tu, wanaona watu kumi kwa wiki na hawataki kufungwa na kila mmoja. Si wote ni wezi. Kwa huyo, mweleze mashine inafanya nini na usimweleze inafanyaje. Mwambie nazi mia mbili bila kuziba, umeme kiasi gani, gharama kiasi gani, lita ngapi za tui kwa saa. Mwalike yeye kwako akaione ikikamua, imefunikwa, wewe ukiwa umesimama kando yake. Kabla hajaja mtumie ujumbe wa WhatsApp: “Kama tulivyozungumza, nitakuonyesha mashine kwa siri, kwa ajili ya kupima ushirika tu.” Akijibu “sawa”, hilo ni neno lake kwa maandishi. Usiufute ujumbe huo wala usibadilishe simu bila kuutunza, kwa sababu mahakama zetu hupokea ushahidi wa kielektroniki ukiambatana na cheti cha aliyeutoa.

Hata pasipo mkataba si kwamba huna pa kushika. Tumerithi kanuni moja ya Uingereza inayotokana na kesi ya mtu aliyeitwa Marco Coco, fundi kama wewe, aliyebuni injini ya pikipiki ndogo miaka ya sitini. Alifanya mazungumzo ya ushirika na kampuni moja, akawaeleza kila kitu, mazungumzo yakavunjika, kisha kampuni ikatoka na injini yake yenyewe. Jaji Megarry akaweka mambo matatu ya kuthibitisha: kwamba habari ilikuwa ya siri kweli, kwamba ilitolewa katika mazingira ambayo mtu mwenye akili angejua ni siri, na kwamba imetumika bila idhini kwa hasara ya mwenyewe. Ujumbe wako wa WhatsApp unajaza lile la pili. Lakini lijue na hili: jaji huyo hakuisimamisha injini isiuzwe. Aliridhika na fedha kuwekwa kando mpaka kesi iishe. Mahakama inaweza kukuonea huruma na bado mashine ya mwenzako ikaendelea kuuzwa.

Ndiyo maana mkataba wa usiri ni wa kukuvusha tu, mpaka ufike kwenye taasisi inayotoa haki inayomfunga kila mtu. Mkataba unamfunga aliyesaini peke yake. Fundi wa Kariakoo atakayeinunua mashine yako na kuifungua kwa spana hajaahidi kitu kwa mtu, na mashine ikishauzwa, siri imekwenda nayo.

Taasisi hiyo ni KIPI, Taasisi ya Mali ya Viwandani ya Kenya, iliyoko South C, Nairobi. Kwao kuna hataza, inayodumu miaka 20 tangu siku ya ombi mradi ulipie ada kila mwaka, ila inadai uvumbuzi uwe mpya duniani kote, uwe na hatua ya kiubunifu ambayo fundi wa kawaida asingeifikia kirahisi, na uweze kutengenezwa. Na kuna cheti cha modeli ya matumizi, cha miaka 10 isiyoongezwa, ambacho kinadai upya na manufaa bila ile hatua kubwa ya kiubunifu. Kwa kichujio chako naelekea huko kwenye modeli ya matumizi, na sikudharau kwa kusema hivyo. Skrubu ya kukamua ni ya zamani sana, hutaipata. Ulichonacho ni kipande kimoja kilichotatua tatizo moja linalojulikana, na ombi lako liombe ulinzi wa kipande hicho, siyo wa “mashine ya kukamua nazi”. Anayedai kila kitu hupewa maswali mengi, na mara nyingi hurudi mikono mitupu.

Kabla ya kulipa chochote, keti na binamu yako siku nzima. Hapo ndipo kompyuta yake itakufaa. Ingieni kwenye hifadhi za hataza mtandaoni, Patentscope ya WIPO (shirika la Umoja wa Mataifa la miliki bunifu) na Espacenet ya Ulaya, zote ni bure, mtafute kwa Kiingereza mashine za kukamua tui na vichujio vinavyojisafisha. Tazameni michoro. Mkikuta chako kimeshachorwa na mtu wa Kerala, India, mwaka 1998, mtakuwa mmeokoa fedha, na bado unaweza kuitengeneza na kuiuza Kenya iwapo huyo hakuisajili hapa au muda wake umekwisha.

Ombi lenyewe lina maelezo, michoro, ikisiri (muhtasari), na madai, yaani maneno yanayotaja hasa kitu unachotaka kilindwe. Maelezo yanapaswa yamwezeshe fundi mwingine kuiunda mashine, kwa sababu hiyo ndiyo biashara unayofanya na serikali: unaifundisha nchi, nchi inakupa miaka ya kuwa peke yako. Sehemu ya madai ndiyo ya kulipia mtu. Maneno mawili yasiyofaa hapo yanaweza kumwachia mshindani pengo la kupita, na wakala wa hataza anajua mapengo yalipo. Mengine unaweza kuyaandika mwenyewe na kupeleka mwenyewe. Viwango vya ada viko wazi kwao, viulize kabla.

Kinachotazamwa zaidi ni tarehe ya ombi. Watu wawili wakiwa wamevumbua kitu kimoja kila mtu kivyake, haki ni ya aliyetangulia kupeleka ombi. Mwizi kisheria si mvumbuzi, ila wewe ndiye utakayebeba mzigo wa kuthibitisha wizi. Ukiwa na risiti ya KIPI yenye tarehe iliyotangulia kikao cha Shimanzi, mazungumzo yenu yote yanabadilika sura.

Sasa ile video. Sheria yetu ina huruma ambayo nchi nyingi hazina: ukiutangaza mwenyewe uvumbuzi wako, tangazo hilo halikuhesabiwi ndani ya miezi kumi na miwili kabla ya kupeleka ombi. Umetumia minne. Ulaya hawana muhula huo, kwa hiyo kama zile sekunde za mwisho zinamwezesha fundi mwenzako kuelewa kichujio, huko mlango umejifunga. Itoe video TikTok leo, na faili halisi uitunze bila kuikata. Ukishapata tarehe ya ombi Kenya, una miezi kumi na miwili ya kuomba kwingine ukidai tarehe hiyo hiyo ya kwanza. Nalisema kwa sababu ya yule wa Tanga. Cheti cha Kenya hakina nguvu ng'ambo ya mpaka wa Lungalunga. Tanzania na Uganda wako pamoja nasi katika ARIPO, shirika la Harare linalopokea ombi moja kwa nchi kadhaa kupitia KIPI, lakini kila nchi unayoichagua ina ada yake. Anza nyumbani.

Jina nalo usilisahau, ni zuri na ni rahisi kulilinda kuliko chuma. Mama Pumzika lisajili kama alama ya biashara, palepale KIPI, baada ya kutafuta kama hakuna aliyetangulia. Alama hudumu miaka 10 na huhuishwa tena na tena. Majiko ya udongo na bati yaliyoanza kutengenezwa Nairobi mwanzoni mwa miaka ya themanini leo yanachongwa na kila fundi wa jua kali, hakuna aliyeyafungia, na nchi imefaidika. Lakini ukienda sokoni huwezi kujua lipi litadumu na lipi litapasuka wiki ijayo. Kina mama wa Kongowea wakishazoea kwamba mashine yenye jina lako haizibi, hata cheti cha kichujio kikiisha muda watakuja kukutafuta wewe.

Kesho asubuhi mpigie huyo bwana. Usimzushie ugonjwa wala hitilafu. Mwambie umepata ushauri wa wakili, unasogeza kikao wiki tatu, na utamtumia karatasi ya ukurasa mmoja aisome kwanza. Mwenye nia ya biashara atasubiri wiki tatu. Jioni nenda kwa mzee. Na kwenye daftari jipya, ukurasa wa kwanza, andika tarehe ile ya video kama inavyoonekana kwenye simu yako, uhesabu kutoka hapo miezi kumi na miwili, kisha tarehe utakayoipata ipige mstari mwekundu.